Ulinifunza Kuficha, Mama

Mama,

Shikamoo. Nimetua kalamu kidogo hapa, mazoea tu, nangojea marahaba yako.

Naogopa, Mama. Nianze na hilo, maana nikizunguka sitalisema. Masomo nimemaliza, shahada ya pili ya mambo ya maji iko kwenye begi, na viza yangu ya huku Uingereza imebakisha wiki tano. Nisipopata kampuni ya kunidhamini nibaki, nafunga virago. Kila barua pepe ikiingia, naikimbilia. Nimeomba kazi mpaka vidole vimeota sugu, na wengi hawajibu hata kusema hapana.

Mmoja alijibu. Ni maabara ya kupima maji. Waliponiuliza maji niliyaanzia wapi, nikawasimulia mtungi wetu wa Mambrui: maji ya mto Sabaki rangi ya chai ya maziwa, nawe umekaa kitako wazungusha kipande cha shabu ndani mpaka tope lishuke chini. "Usitikise, wee mtoto! Yaache yatulie." Walicheka, wakaandika. Nilitoka pale najiona nimeshapata.

Kumbe nimejitia kitanzi mwenyewe. Kwenye fomu yao palikuwa na swali: je, utahitaji kudhaminiwa viza? Nililiacha tupu. Si kwa ujanja, wallahi. Ni sauti yako: "Jambo la kheri lifiche mpaka litimie, watu wana macho." Ndivyo tulivyolelewa. Harusi ya dada Zuhura ilikuwa siri hadi wiki ya mwisho, na safari yangu majirani waliijua niko angani. Nikasema, wacha wanipende kwanza, la viza litafuata. Jana walipiga simu, wanitaka nianze mwezi ujao. Nilisema asante, nikakata simu, na la viza sikuwaambia.

Hapo ndipo nilipokukasirikia, Mama. Nisamehe. Maana nawe ulificha. Uliumwa miezi mizima, na kila nikipiga simu wasema, "Kikohozi tu, mwanangu." Ukamwapisha Zuhura asinambie mpaka nimalize mitihani. Nilimaliza Alhamisi; usiku huo akanipigia kwamba umetutoka. Ijumaa ukazikwa baada ya swala, nami niko uwanja wa ndege, nalia mbele ya watu nisiowajua. Nilifika hitima imeshasomwa. Jambo la kheri hufichwa, haya, sawa. La shari je? Hilo nani alikufunza kulificha?

Leo asubuhi nimempigia Zuhura. Siku zote akiuliza "Vipi huko?" mimi hujibu "Njema." Leo nimelia. Nimemwambia yote: fomu, wiki tano, hofu ya kurudi mikono mitupu nikakuta wewe hupo mlangoni. Akafoka: "Miezi yote hii wanificha? Kwani mimi ni jirani? Waambie watu hao sasa hivi! Wakikataa, rudi, chumba chako nakifagia leo."

Nimewaambia, Mama. Nimeandika kwamba nahitaji udhamini, na kwamba ilinipasa kusema tangu mwanzo. Wamejibu kwamba watanipa jawabu Jumatatu. Huenda wakaniondoa, na watakuwa na haki. Nimekaa hapa na simu mapajani, chai imepoa.

Sasa naomba kukuaga. Mola akupanulie kaburi, akutie nuru. Nakuahidi hili: jawabu likija, la kheri au la shari, Zuhura atalisikia saa hiyo hiyo kwa mdomo wangu. Na siku nitakayokuja kusimama kaburini kwako, nikilia nitalia kwa sauti. Sitakwambia ni kikohozi tu.

Mwanao,
Rukia