Kompyuta Iligeuza Jina la Bibi Harusi, Nami Nikanyamaza

Bi Sitara, mshauri wetu,

Naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujakasirika, maana jambo hili nimelibeba wiki ya nne sasa, na Jumapili kanisani wenzangu wakisimama kwenda kukomunika mimi nabaki kwenye benchi.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mbili, mpiga taipu katika duka la steshenari la Mzee Jamnadas, karibu na viwanja vya Mnazi Mmoja, na kazi hii nimeianza mwaka sabini na tano, ukinipa barua ya kurasa tatu nakupigia bila kutazama vidole na bila kosa hata moja, mawakili wa mjini wananijua, makarani wa mahakama wananijua, na walikuwepo watu wanatoka Msimbazi wanayapita maduka mengine yote waje kwangu, kwa sababu walijua majina yao hayatakosewa. Basi biashara zilipofunguliwa na vitu vikaanza kumiminika Kariakoo, mzee naye akachoka, akamwachia duka binti yake Anjana, ambaye mimi nilimwona akiwa na begi la shule ya msingi, na mwaka juzi huyo Anjana akanunua kompyuta mbili na printa, akanunua na programu ya kuandikia kutoka kwa kampuni moja kubwa, halali kabisa yenye karatasi zake, si zile zinazonakiliwa kwenye disketi vichochoroni, kisha akaajiri msichana wa miaka ishirini na tatu aitwaye Candida aliyesomea mambo hayo. Mimi nikaachiwa taipureta yangu pembeni kwa ajili ya hati za kiapo.

Mashine zile, Bi Sitara, zina kiburi. Ukiandika "shamba" inakuchorea mstari mwekundu chini yake kana kwamba umekosea, ukiandika "mheshimiwa" mstari, ukiandika jina ulilobatizwa nalo mstari, ukurasa mzima wa Kiswahili safi unakuwa mwekundu kama daftari la mtoto aliyefeli. Mara inaganda katikati ya kazi, mara inakwambia kwa Kiingereza kwamba umefanya jambo lisilo halali, mimi ambaye hata kituo cha polisi sijawahi kulala. Candida aliniita zaidi ya mara mbili, "Mama Pantaleo, njoo nikuelekeze, ni rahisi tu," nami nikajibu nina kazi, na ukweli ni kwamba sikuwa na kazi, nilikuwa na aibu, kwa sababu Kiingereza changu ni cha kunakili, nakipiga herufi kwa herufi bila kukielewa, na miaka yote hiyo hakuna aliyejua.

Siku ya tukio tulikuwa na kadi mia tatu za harusi, Bwana Abdulatif anamwoa Bi Husna, binti wa Mzee Ramadhan muuza vitenge, na Candida alikuwa ameziandaa karibu zote, imebaki kuongeza ukumbi na saa, akatoka kwenda kula. Mgao wa umeme ulikuwa umetangazwa, tukijua saa nane unakatika, nami nikasema moyoni leo nitawaonyesha, nikakaa kwenye kiti chake, nikaongeza ile mistari miwili. Kikatokea kisanduku cha kijivu katikati ya kioo, ndani yake jina Husna, chini yake maneno ya Kiingereza, na vitufe kadhaa, sikujua kinauliza nini, nikabonyeza kimoja ili kiondoke, kikaondoka. Nikachapa. Kadi ya kwanza ilipotoka nilitazama maua ya pembeni kama yamekaa sawa, yamekaa sawa, nikaachia zote mia tatu zikatoka, na Candida aliporudi akakuta zinamalizikia, akanishukuru, akazifunga, zikapelekwa.

Zimeshagawiwa nyumba karibu mia moja ndipo mjomba wa bwana harusi, Mzee Bakili, mtu aliyefanya kazi bandarini na Kiingereza anakijua, akavaa miwani akasoma kwamba Abdulatif atafunga ndoa na Bi Husband binti Ramadhan, yaani Bi Mume, na kila mahali penye Husna paliandikwa hivyo hivyo. Wengine wangecheka, lakini binti yule alishawahi kuposwa kabla na posa ikavunjika, kwa hiyo upande wa mwanamume wakasema hii ni ishara, kuna mtu wa ndani anatuambia kwamba mwanamke huyu ana mume wake tayari, na kwa siku mbili harusi ikawa inaning'inia kwenye uzi, wazee wanaenda na kurudi, bibi harusi amejifungia chumbani.

Mzee Ramadhan akaja dukani. Hakupiga kelele, alisema tu, "Aliyeandika hivi nataka nimwone uso." Anjana akasema, "Candida, faili ni lako." Candida akasema, "Dada Anjana, mimi niliacha limeandikwa Husna, haki ya Mungu." Halafu akanigeukia, akanitazama, akasubiri. Bi Sitara, alisubiri. Nami nikainamia taipureta nikaanza kubadilisha utepe ambao haukuhitaji kubadilishwa. Akafukuzwa saa ile ile.

Harusi ilifungwa, kadi mpya zilichapwa, wamekaa salama. Mimi nikaenda mwenyewe kwenye ofisi ya ile kampuni, ghorofani huko kwenye baridi, nikitaka waniandikie kwamba programu yao ndiyo yenye kosa, ili Candida aokoke bila mimi kusema neno. Nikakaa tangu asubuhi, akaja kijana mwenye tai, akaniambia, "Mama, programu imefanya ilichoambiwa. Mtumiaji ndiye aliyebonyeza." Nikamwambia, "Iliniuliza kwa Kiingereza." Akasema, "Ndiyo lugha yake, mama." Nikauliza kwa nini haijui Kiswahili na wameiuza Kariakoo, akasema hilo haliko kwenye mpango, labda tununue toleo jipya, na hilo toleo jipya linajua Kiswahili? Hapana. Akanipa fomu ya malalamiko nijaze. Ya Kiingereza.

Sasa nasikia Candida anauza vitumbua Buguruni, na kila steshenari anayoomba kazi wanamwambia wewe si ndiye yule wa Bi Husband. Nikisema ukweli nitafukuzwa, na mwanangu Pantaleo bado mwaka mmoja amalize chuo, tena watajua kwamba mama huyu miaka ishirini na sita alikuwa anapiga asichokielewa. Nisiposema, sijui. Nifanye nini?

Benedikta,
Dar es Salaam


BI SITARA ANAJIBU

Benedikta, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na hasira nimekuwa nayo vilevile.

Usinielewe vibaya. Kwa kubonyeza kile kitufe sikulaumu hata kidogo. Mtu akikuuzia mlango, kisha akakwambia ufunguo unawafaa wenye lugha yake tu, huyo kakuuzia ukuta. Kampuni inayochukua fedha za watu wa Kariakoo haina budi kujua kwamba watu wa Kariakoo wana majina. Kijana yule wa tai alikwambia nusu ya ukweli akaona amemaliza. Ndiyo, wewe ulibonyeza. Lakini aliyeamua kwamba Husna ni kosa na Husband ni sahihi ni nani? Hilo hakukujibu, na hakuna nafasi ya kulijibu kwenye ile fomu yake.

Hapo niko upande wako. Sasa shuka tuje kwenye utepe.

Mashine iligeuza jina la binti mmoja, na likarudishwa baada ya siku mbili. Wewe umegeuza jina la Candida na mpaka leo hujalirudisha. Hilo halikufanywa na kompyuta. Msichana alikutazama akakupa nafasi, mbele ya watu wazima wawili, na wewe mtu mzima wa tatu ukainamia taipureta. Wanaoitwa mama mjini hapa ni wengi, dada yangu. Siku ya kuonyesha umama huwa moja, na wewe yako uliichezea.

Mficha uchi hazai. Umeficha Kiingereza chako tangu mwaka sabini na tano, umepata nini? Ungesema siku ya kwanza, "Candida, sielewi maneno haya, nisomee," kusingekuwa na kadi, wala barua hii. Na nikwambie jingine: mtu anayepiga kurasa za lugha asiyoijua bila kukosea herufi si mjinga. Hodari kama huyo simjui mwingine. Aibu yako umeiweka mahali pasipo pake.

Kwa hiyo kesho, kabla mlango wa duka haujafunguliwa, mwambie Anjana. Useme ukiwa umesimama, na usianze na mgao wa umeme wala kiburi cha mashine. Anza na "ni mimi". Mwombe akuandikie barua ya duka, yenye muhuri, inayosema Candida hakukosea, kisha uipeleke Buguruni kwa mikono yako. Usiende na sukari wala kitenge. Ukifika usimwombe msamaha kama anayedai. Omba, nyamaza, ondoka. Kisha upitie kwa Mzee Ramadhan, maana naye aliomba kuona uso, na uso aliouona haukuwa wenyewe.

Ukifukuzwa, umefukuzwa. Vidole unavyo, na Dar hii bado ina watu wanaotaka jina lao liandikwe sawasawa. Pantaleo ni mtu mzima, mweleze. Na ukibaki, jifunze hiyo kompyuta kwa yeyote atakayekubali kukufundisha, hata akiwa rika la mwanao. Programu hizo zinaweza kuambiwa ziache kukagua maneno kwa Kiingereza, zinaweza kufundishwa majina. Nimemuuliza mchapaji wa gazeti letu, anasema ni kazi ya dakika tano. Na kuanzia sasa, kabla hamjachapa mia tatu, chapeni moja, mwenye harusi aisome, atie sahihi. Basi. Nenda.


Wasomaji wangu, barua ile na jibu lake havikutoka gazetini mwezi ule. Benedikta alikuwa ameambatisha bahasha yenye stempu, nikaona nimjibu kwanza faraghani, maana kulikuwa na mtu anaumia. Ninazichapa leo kwa sababu ameniandikia tena, na wote waliotajwa wameridhia.


Bi Sitara,

Nilikwenda. Nilisimama, nikaanza na "ni mimi", nikamweleza yote. Anjana alikaa juu ya maboksi ya karatasi, akaniuliza, "Mama Pantaleo, kwa nini hukuniuliza mimi maana ya maneno yale?" Nikamwambia, "Mwanangu, ningeanzaje kukuuliza wewe?" Akalia, mimi nikalia, halafu akaniambia niende nyumbani wiki mbili, bila mshahara, afikirie. Lakini barua ya Candida aliiandika palepale, akaigonga muhuri.

Buguruni ilikuwa ngumu. Candida aliisoma barua mara mbili, mikono ina unga. Nilitegemea anitukane. Akasema, "Mama yangu mdogo aliniambia labda kweli nilikosea. Mpaka mimi mwenyewe nikaanza kujishuku, nikawa nawaza labda niliandika hivyo sikuona." Hilo sikuwa nimelifikiria, Bi Sitara, kwamba nilimfanya asiyaamini macho yake mwenyewe. Nikaomba msamaha, nikanyamaza kama ulivyosema. Akasema, "Nimekusikia. Leo sina jibu." Nikaondoka.

Kwa Mzee Ramadhan nilikuta binti mwenyewe amekuja kuwasalimia wazazi. Mzee alinitazama muda mrefu, akasema angalau sasa ameuona uso. Husna akacheka, akasema, "Mama, mume wangu akitaka kunichokoza ananiita Husband, na mimi namwitikia." Mkewe mzee akanimiminia kahawa.

Wiki mbili zilipoisha Anjana alituita wote wawili. Candida alirudi kwa sharti lake: yeye ndiye mkuu wa kompyuta, na mimi sigusi kazi ya mteja mpaka yeye aridhike. Nikakubali. Sasa tunafika mapema, kabla watu hawajajaa barabarani, ananisomea vile visanduku kimoja kimoja, nami naandika maana yake kwenye daftari. Hacheki nami sana, ila juzi nilipouliza neno moja mara ya nne alinijibu kama ilivyokuwa mara ya kwanza, bila kuguna.

Wiki iliyopita alinipa kazi ya kwanza ya kupiga kwenye kompyuta. Ni barua yetu kwa ile kampuni kubwa, siyo kwenye fomu yao. Tumewaeleza yaliyotokea, tumewataka waifundishe programu yao Kiswahili au waache kuiuza hapa kama iliyokamilika. Tumeizungusha mtaani, steshenari kumi na moja zimetia sahihi, hata zile zilizokuwa zimemnyima Candida kazi. Sijui kama watajibu. Anjana alipoisoma alisema imekaa vizuri sana, ila akauliza mbona yote ni Kiswahili, wale wakubwa wao huko ng'ambo wataisomaje?

Candida akamjibu, "Watafute mtu, dada. Waulize."