Mtu wa Saba wa Udongo

Nakuru,
12 Agosti 1954

Kwa dada yangu Mugure,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini umeamka salama wewe na watoto, na kwamba kifua cha mama mkwe wako kimetulia. Mimi mwili ni mzima, nakula, nafundisha. Mvua huku ni nyingi na pareto imechanua mpaka kwenye ua wa shule. Barua hii sikuitia posta, maana siku hizi za posta husomwa kabla ya kufika. Ataileta Truphosa, mke wa yule fundi wa reli. Yeye ni mtu wa Kakamega, haulizwi pasi ya kusafiria kila kituo kama sisi.

Barua yako niliipata. Umeniambia kwamba mumeo Wanyoike bado yuko kambini kizuizini, na kwamba habari za shemeji yako Karanja hakuna anayezijua. Umeniambia pia kwamba ulimkuta binti yako Wachuka mtoni akichezea tope, ukamchapa viganja mpaka vikavimba, na kwamba tangu siku hiyo mtoto akikuona anaificha mikono mgongoni. Ukaniuliza mimi kama mwalimu afanywe nini mtoto aliyewauza watu wa nyumba yake. Ana miaka minane, Mugure. Wiki tatu nimeshindwa kulijibu swali hilo, na leo nalijibu.

Ile ziara ya mwaka jana unaijua juu juu tu. Niliwapeleka watoto ishirini na wanane kwenye maktaba ya mjini, ambako kuna chumba cha nyuma cha kuonyeshea picha. Vitabu vyenyewe hatukuruhusiwa kuvigusa. Tuliingia kwa mlango wa jikoni, na watoto waliambiwa waoshe miguu bombani kwanza, hata wale waliokuwa wameoga. Memsahibu wa maktaba alikuwa ametandaza magunia sakafuni, na kila mtoto akapewa bonge la udongo. Kupitia kwangu mkalimani, aliwaambia wafinyange watu wote wanaokula chungu kimoja nyumbani kwao. Kazi itakayopendeza, alisema, itawekwa mbele, mlangoni, pamoja na jina la mwalimu.

Mama alitukataza kuhesabu watu wa nyumba, unakumbuka. Kwetu mtu husema wapo, na inatosha. Mimi desturi hiyo nilikuwa nikiicheka mbele ya darasa, nikijiona msomi. Siku ile niliwahesabia watoto watu wao kwa sauti, na kila kazi nikaiandikia kadi kwa ule mwandiko wangu mnaousifu. Memsahibu aliutazama akaniuliza nilijifunzia wapi. Nilivimba kichwa kama mjinga.

Kazi ya Wachuka iliwekwa mlangoni. Wiki iliyofuata wazungu wa mashamba walialikwa kutazama na kunywa chai. Mzungu wa shamba lenu alisimama mbele ya kazi ile, akacheka, akamsifu mtoto. Halafu akasoma kadi. Katika daftari lake nyumba ya Wanyoike ilikuwa na watu sita, na kadi yangu ilisema saba, ikataja na jina la Karanja, ambaye alikuwa ametoroka kazi kwenye kiwanda cha mbao cha Elburgon bila hati. Jumamosi asubuhi askari walipekua nyumba yenu mpaka wakamkuta kwenye ghala la mahindi. Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako.

Nilifika mkipakiwa kwenye lori. Ulinishika koti ukaniuliza nani alisema. Nilikujibu kwamba hakuna aliyesema, ila Wachuka alimfinyanga Karanja bila kujua. Mtoto alikuwa juu ya lori, kando ya bibi yake, akanisikia.

Dada, nilidanganya. Wachuka alifinyanga watu sita. Aliwapanga vizuri, akajifuta mikono kwenye gauni. Nilipita nikaona kuwa kazi yake ndiyo nzuri kuliko zote, ila nyumba haijakamilika, na mimi nilitaka iwe mlangoni na jina langu. Nilimnong'oneza kwamba amemsahau baba mdogo. Akatikisa kichwa. Nilichukua udongo nikamfinyanga Karanja mwenyewe, na kofia yake ya upande, nikamweka mstarini. Mtoto alinyoosha mkono amwondoe, na mimi nikampiga mkono huo mbele ya wenzake, nikamwambia asiharibu.

Wala usiseme sikujua. Krismasi ya kabla ya ziara ile nililala mle ghalani alimojificha Karanja, tukala pamoja, na nilijua hana hati. Nilijiambia kwamba wazungu wakija kutazama udongo wataona udongo tu. Baadaye, Wakikuyu wote wa huku walipokuwa wakipakiwa malori, memsahibu aliniandikia barua kwa D.C. kwamba mimi ni mtu wake wa kuaminika. Ndiyo maana bado niko Nakuru. Ningeusema ukweli ningeipoteza barua hiyo, basi nikamwachia mtoto mzigo. Nimeona aibu kila siku, na kila siku aibu hiyo imenishinda nguvu.

Sikuombi msamaha. Nakuomba umwite Wachuka umsomee barua hii, hasa pale nilipompiga mkono. Mwambie kwamba yeye peke yake katika chumba kile ndiye aliyewalinda watu wake, na kwamba mwalimu wake anakiri hivyo kwa mwandiko wake mwenyewe. Na ukitaka kuionyesha barua hii kwa chifu au kwa mtu yeyote, ionyeshe, sitakulaumu.

Nisalimie mama mkwe wako na wale wadogo, na majirani wapya ambao sitawajua. Alhamisi nawapeleka watoto wengine maktaba. Watafinyanga, nami nitawaandikia kadi. Kazi ya Wachuka ingali pale mlangoni, na wageni wakiuliza ni nani aliyeifinyanga vizuri hivyo, memsahibu hunitazama mimi, nami huwajibu kwamba ni mwanafunzi wangu.

Ni mimi mdogo wako,
Waithaka