Kahambu Alitaka Kuketi Angani

Nyongesa, ndege ilikuwa imeshapaa na Kahambu yumo ndani, yule binti wa Butembo anayeuza vitenge Kansanga. Mruko wake wa kumi na mbili wa parashuti.

Unajua Ochola anavyofundisha. Mgeni analala kifudifudi hewani, basi. Kahambu akamwuliza hukohuko juu, "Mwalimu, kuketi angani nitaanza lini?"

Ochola akamjibu, "Ukilala mara hamsini bila kuyumba, na ukasoma saa ya kupima urefu bila kukumbushwa, ndipo uniulize. Sasa hivi bado unaogelea kama bata."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Kutoka tu mlangoni, akaketi. Nyongesa, akaketi, kama yuko kwenye kigoda jikoni kwake.

Sasa kiunoni alikuwa na kitambaa alichoombewa kanisani, kakifunga baada ya Ochola kukagua mikanda. Akilala, kinatulia tumboni. Alipoketi, upepo wa chini ukakipandisha, kikamfunika uso.

Hakuona saa. Hakuona ardhi. Akawa anavutana na kitambaa, anavutana na kitambaa tu, mpaka parashuti la akiba likafunguka lenyewe kwa kile kifaa chake cha usalama, miti iko karibu kabisa.

Mimi nilikuwa chini nawapokea, nikamfikia wa kwanza, kakaa matopeni. Akaniambia, "Mzee, nilizani nimeshakufa, ndiyo maana kuko giza."

Ameteguka kifundo cha mguu. Anahesabu upya kuanzia mruko wa kwanza, kifudifudi. Ochola anapapasa kila kiuno kabla ya ndege kuondoka. Kitambaa kiko kanisani, kinatolewa ushuhuda kwamba ndicho kilichomwokoa.