Watu Mia Mbili Arobaini na Nane

Jumba la Fundi Viatu,
Ghorofa ya Pili, Chumba Namba 6.
9 Machi

Mpendwa Dada Rula,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mgongo uwe umeacha kukusumbua ukisimama ubaoni. Shemeji hajambo? Wapwa zangu je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi huku tunapumua. Mimi mwili haujambo. Kichwa ndicho kinachonitesa, na ndicho kilichonikalisha asubuhi hii niandike kwa kalamu. Kwenye simu ningekubishia tu.

Nina habari mbaya. Fundi cherehani wa hapa chini, yule aliyekushonea sare yako ya kwanza ya shule, tulimzika mwezi uliopita. Figo.

Unajua kwamba ile programu inayosoma majalada ya wagonjwa kwenye zahanati zetu tatu, na kusema nani aitwe kupimwa figo na nani arudi nyumbani, niliiandika mimi. Ilisoma na jalada lake. Ikasema mzima. Alipanda ngazi hadi mlangoni kwangu, sindano imechomekwa kwenye kola, akaniambia, "Mwanangu, mashine yako imenisifu. Nikifa nitakuja kukudai maelezo." Tulicheka mpaka akashika ukuta.

Basi anadai. Chumba chake kimefungwa, lakini nikikaa kwenye kompyuta nasikia kanyagio la cherehani. Najua ni bomba la maji. Najua pia kwamba bomba halisimami kukata uzi.

Ndipo nikaanza kujifunza hesabu, dada, na miaka yangu arobaini na tisa. Cheka kwanza, nitangoja. Ni mimi niliyeandika mtandaoni, nikapigiwa makofi, kwamba hesabu ni ukuta waliojijengea waoga walinde vyeo vyao. Kwamba hesabu zote za kompyuta zimeshaandikwa na wengine, sisi tunazichukua na kuzipanga. Ni mimi niliyekuambia mbele ya marehemu mama kwamba hesabu zako hazijawahi kumponya mtu. Wanaofunga milango ya elimu kwa alama za ajabu bado nawachukia. Ila wanaouza masomo ya "utaalamu kwa wiki sita bila hesabu" nawachukia zaidi, maana mteja wao aliyefuzu ndiye mimi.

Nilianza na kitabu cha kidato cha tatu, sura ya uwezekano. Fomula hazikuingia, mbishi haamini herufi. Nikachukua karatasi ya grafu, nikahesabu miraba elfu moja, mmoja kwa kila jalada la zamani tulilotumia kuijaribu programu, yale ambayo hospitali ilishajua nani aliumwa. Wagonjwa walikuwa arobaini. Nikawapaka wino mwekundu. Kisha nikatia msalaba kila pale programu ilipokosea.

Ilikosea mara arobaini tu. Tisini na sita kwa mia: ndiyo alama tuliyoitangaza tukapongezwa. Lakini misalaba tisa ilikuwa juu ya wazima walioitwa bure. Thelathini na mmoja ilikuwa juu ya wino mwekundu. Katika wagonjwa arobaini, iliwaona tisa. Dada, kasuku aliyefundishwa neno moja, "mzima, mzima", naye angepata tisini na sita.

Tangu hapo imesoma watu elfu nane. Kwa kiwango kile kile, watu mia mbili arobaini na nane wameambiwa warudi nyumbani na maradhi yao. Karibu mmoja katika kila thelathini na wawili. Siku hizi siwezi kusimama kwenye foleni. Nahesabu vichwa bila kutaka, na wa thelathini na mbili namtazama usoni mpaka aniulize, "Vipi, mzee, tunajuana?"

Nimefika kwenye vekta na matrisi sasa, hesabu zinazoiendesha programu ile. Nataka kuona ndani ya kitu nilichokiandika. Mtu ajenge nyumba, kisha ajifunze kushika tochi!

Jumatatu niliizima programu. Ila kuizima hakumrudishi mtu zahanati. Nataka wote elfu nane waitwe upya. Mkuu wa zahanati zetu akaniambia, "Mzee, tisini na sita! Mwanangu akileta hiyo namnunulia baiskeli. Hivi wewe hesabu ulipata ngapi shuleni?" Wewe, dada, unajua nilipata ngapi.

Alhamisi ya tarehe 20 nasimama mbele ya bodi ya zahanati kuomba waitwe, na mwenye shahada ya hesabu katika ukoo huu ni wewe. Karatasi ile nimeitia humu ndani. Usinihurumie, tafuta kosa. Miaka thelathini nimekubishia nikitaka kushinda. Leo naomba kwa moyo wote unishinde. Ukilikuta kosa, nipigie unicheke hadi uchoke. Usipolikuta, andika jina lako chini ya langu, uipige picha uitume kabla ya siku hiyo.

Binti wa fundi sijamwambia. Juzi alinishukuru kwa kubeba jeneza. Nitamwambia kabla ya bodi, kwa mdomo wangu.

Nisalimie shemeji, mwambie akapimwe figo, na apimwe na mtu. Wapwa wote wawili wakumbatie kwa niaba yangu. Mungu akulinde huko uliko, akupe jicho kali utakapoifungua hiyo karatasi.

Wako akupendaye, leo bila ubishi,
Mbishi