Gari ya Kumpeleka Fridah

Kiminini, nyuma ya soko,
Jumatatu, 24 Novemba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Judy,

Salamu nilizo nazo ni nyingi kuliko hii karatasi. Habari za huko Doha? Ule mgongo uliokuwa unakusumbua umepoa? Na lile joto, bado linakufuata mpaka chumbani? Sisi hapa tuko wazima. Goti langu la kushoto linalia nikipanda ngazi, nikikaa linanyamaza. Mahindi tumevuna, yako kwenye turubai, na mvua inatuchungulia tu. Kila nikichuma mboga ya saga nakukumbuka, maana ni wewe uliyekuwa unaiunga na maziwa mpaka sufuria inalambwa.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye grupu ya familia kaka yetu Wekoye yumo anasoma kila kitu, na nikikupigia, mtandao unakatika nikiwa katikati ya hasira. Khairunisa, yule binti wa jirani zetu wa karibu na msikiti ambaye mko naye kazini huko, anarudi huko Alhamisi. Nitampa barua hii na karanga kilo mbili. Akikuletea moja, muulize ya pili.

Kwanza furaha. Fridah wangu anaolewa tarehe 13 Desemba, kule Kapsokwony. Bwana harusi ni mwalimu, mtoto wa mama Jerono, kijana mrefu asiye na maneno mengi. Anaoa msichana aliyemaliza uuguzi bila mimi kuitwa shuleni hata siku moja. Nimemwambia mama Jerono hivyo, na nikarudia ili asisahau.

Na Levi wangu, usinifanye nianze. Gereji yake Kitale sasa ina mafundi wanne chini yake. Ile Mercedes yake nyeusi aliinunua ikiwa imekufa, kuku wanataga ndani, akakaa nayo miaka miwili mpaka ikafufuka. Ile ya zamani, yenye nyota imesimama juu ya boneti. Akipita hapa Kiminini hata watu wa stage ya matatu wanaacha kubishana.

Sasa nikuambie kilichoharibu. Wekoye, si unajua ana matrekta yake ya miwa huko Kabuchai. Mwezi wa nane alienda Nairobi akarudi na BMW, ile kubwa ya juu. Hongera zake. Lakini alirudi pia na kijitabu cha muuzaji, karatasi zinateleza kama sabuni, na tangu siku hiyo hatuongei tena na kaka yetu, tunaongea na kijitabu.

Kamati ya harusi ilikaa Bungoma kwa shangazi Naliaka. Tulipofika kwenye suala la gari ya bibi harusi, Wekoye akasimama.

"Mambo ya gari yamekwisha. Fridah atapanda yangu. Hapa wameandika hii ni gari ya watu waliofika."

Levi akamuuliza, "Wamefika wapi, mjomba? Kabuchai?"

Watu wakacheka. Wekoye hakucheka. Akasema ati Mercedes ya Levi ni ya wazee waliokuwa wakubwa wakati wa chama kimoja, ikapaki mbele ya ofisi ya DC ikazeekea hapo. Levi naye akamwambia gari ni umbo, kwamba ya Mercedes mtu alichora kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma bila kuinua kalamu, na hiyo ya mjomba imevimba kila mahali kama iliumwa na nyuki. Mimi sikunyamaza, ningenyamazaje na ni mtoto wangu? Nilisema zile pua mbili za mbele zinafanana na ng'ombe aliyenusa kitu.

Ndipo Wekoye akafungua ukurasa mwingine. Ati kijitabu kinasema abiria anaweza kunywa chai barabara yoyote na tone lisimwagike. Levi akasema hayo ni maneno ya mtu anayeuza. "Basi tujaribu," mmoja akasema, na mwingine akasema, "Twende." Hapo ndipo tulikosea sisi wote, Judy, maana safari iliyokuwa mbele yetu ilikuwa ya kwenda kwa wakwe.

Tarehe 15 tulikuwa tunaenda Kapsokwony kupanga siku na watu wa mama Jerono. Mimi nikakaa kwa gari ya Levi na kikombe cha chai kimejaa. Jentrix, mke wa Wekoye, akakaa kwa BMW na kikombe chake. Walikubaliana waende polepole. Tulipoacha Kimilili na mlima kuanza, Levi akampita mjomba wake kwenye kona. Wekoye hangeweza kuvumilia hiyo. Nakuambia watu wa bodaboda walikimbilia kwenye nyasi. Mimi nilikuwa naomba na kushikilia kikombe, sijui ni kipi nilishika zaidi.

Tukashuka kwa wakwe, mimi na Jentrix, tumelowa chai kifuani kama watoto wanaonyonya.

Mama Jerono alikuwa amepanga viti na wazee wake wameshakaa. Badala ya kuwasalimia, Wekoye akamvuta Jentrix kwa kiwiko akamsimamisha juani kando yangu. "Angalieni wenyewe. Ya Jentrix imeishia hapa. Ya dada yangu imefika mshipi."

Levi akasema, "Auntie alikunywa nusu kabla ya Kimilili."

"Nilikunywa kwa sababu ilikuwa inapoa," Jentrix akasema.

Wakaanza tena, sauti juu, boneti zimefunguliwa, kwa wakwe, Judy. Mahali ambapo mimi hata kukohoa naogopa. Halafu Levi akasema lile neno: "Mjomba, wewe hukununua gari. Ulinunua tangazo."

Wazee wa Kapsokwony wakatazama viatu vyao. Mama Jerono akakunja kitambaa cha meza polepole, akasema, "Sisi tulikuwa tunangojea watu. Naona tumeletewa magari." Wekoye hakukaa na hakuonja chakula. Aliondoka, na jioni akaandika kwenye grupu kwamba harusini haji, tumtafutie Fridah mjomba mwingine.

Kwetu unajua vile iko. Mjomba asipokuja, ng'ombe wa mahari anayetengewa mjomba hana wa kumpokea, na Fridah hana wa kumtoa nyumbani kutoka upande wangu. Wakwe watauliza kama mama wa bibi harusi aliokotwa. Na baada ya aibu ile ya chai, watauliza kwa sauti.

Nilimpigia Wekoye kesho yake asubuhi ili nitengeneze. Nia ilikuwa nzuri. Lakini aliponiambia nimelea mtoto asiye na adabu, damu ilipanda, nikamwambia siku akifa azikwe na kijitabu chake. Akakata simu. Hilo si neno la kumwambia ndugu mliyenyonya titi moja, najua. Sasa ni siku nane hachukui simu yangu.

Jumamosi nilimtuma Levi Kabuchai na jogoo mwekundu, yule mkubwa. Alipiga magoti akaomba msamaha vizuri, Jentrix mwenyewe aliniambia. Wekoye akapokea jogoo akasema huyu jogoo hana kosa. Halafu akatoa sharti. Kwa sababu alitukanwa mbele ya wakwe, mtu wa nyumba hii asimame mbele ya wakwe hao hao, siku ya harusi, aseme gari ya Wekoye ni nzuri kuliko ya Levi. Hapo ndipo atakuja.

Levi alirudi akaniambia, "Mama, magoti nimepiga na nitapiga tena. Lakini hilo siwezi kusema. Mimi ni fundi, wateja wangu wako mpaka Kapsokwony. Nikidanganya juu ya gari, nitawaambia nini?"

Nilitaka kumchapa na mwiko. Na papo hapo nikaona nimezaa mwanaume. Mambo hayo mawili yalikuja pamoja na sikujua nianze na lipi.

Lakini Fridah hajala vizuri tangu siku hiyo. Jana aliniambia, "Mama, nitaenda hata kwa miguu. Mimi nataka mjomba awe mlangoni." Akaendelea kuosha vyombo.

Kwa hivyo hiki ndicho nakuomba. Wekoye anachukua simu yako, ni yeye aliyekubeba mgongoni ukienda nasari. Mwambie Fridah atapanda BMW. Mwambie lile neno la kuzikwa nimelirudisha na nimelitafuna. Na mwambie mtu wa nyumba hii atakayesimama mbele ya mama Jerono ni mimi. Nitasema hiyo sentensi yake mara moja, kwa maikrofoni, halafu nitakaa chini na asiniombe nirudie. Mimi si fundi, sina wateja wa kuwapoteza.

Usimwambie nililia nikiandika. Na wewe unayeyaona magari haya yote huko yamepangwa kama baiskeli, tafadhali usitume maoni ni ipi nzuri. Wamekungojea uamue, wote wawili. Ukifungua mdomo tutazika mtu.

Fridah anakusalimia na anataka picha yako ya kuweka mezani siku hiyo. Levi anakusalimia pia. Shangazi Naliaka anasema ule mzigo wa viatu ulifika. Nisalimie Shamira mnayelala naye chumba kimoja, mwambie namwombea mama yake.

Nimeanza mazoezi hapa jikoni mlango ukiwa umefungwa. "Gari ya kaka yangu ni nzuri" inatoka vizuri. Nikifika kwa "kuliko", mdomo unakauka, naenda kunywa maji. Lakini bado nina siku kumi na tisa.

Mungu akutangulie asubuhi ukienda kazini na akufungie mlango usiku.

Mimi wako akupendaye tangu ukiwa huna meno,
dada yako,
Mama Levi.