Matangi Matatu, Herufi Moja

St Marys, Sydney, Ijumaa, Agosti 2021

Jua limetoka lakini ni la kudanganya. Ukifungua dirisha tu, baridi inakukata masikio. Helikopta ya polisi imezunguka juu ya flati zetu tangu asubuhi kuangalia nani ametoka nyumbani bila sababu siku hizi za korona. Mimi sijatoka. Balaa limenifuata humu humu ndani.

Shajara, leo nimejiaibisha mbele ya majimbo matatu.

Nianze na kazi, maana bila hiyo hutanielewa. Nilisomea uhandisi Eldoret, nikaja huku nikalisha na kuogesha wazee Penrith kwa miaka, zamu za usiku, mpaka kampuni moja ya kukagua matangi ya mafuta ikakubali kunijaribu. Yale ya vituo vya petroli yaliyofukiwa ardhini yana watu wake. Yangu ni yanayosimama juu ya ardhi, kwenye yadi za malori na mashambani. Unatazama kutu, unapima unene wa bati, unaangalia kama ukuta unaolizunguka tangi utazuia mafuta siku likipasuka. Muda wangu wa majaribio unaisha leo, na Grant, bosi wangu, alisema ataamua baada ya mkutano wa asubuhi. Nisipothibitishwa narudi kwenye zamu za usiku, na mgongo wangu ulishasema wenyewe haurudi.

Katika mkutano huo nilitakiwa nieleze ukaguzi wa matangi matatu ya mteja mmoja: moja hapa St Marys, moja Melbourne, moja Perth. Ungedhani nchi moja, sheria moja. Wapi! Hapa kwetu wanafuata sheria waliyokubaliana na majimbo mengine. Victoria, jimbo la Melbourne, walikataa, wakabaki na yao. Perth nao wana ya kwao, na leseni zao, na majina yao wenyewe kwa vitu vilevile. Nimeyasoma hayo wiki nzima mpaka nikaota niko mpakani, askari ananiuliza tangi langu lina pasipoti gani.

Nikaogopa. Na mimi nikiogopa huwa naomba kuombewa.

Jana jioni nikaandika kwenye kikundi cha WhatsApp cha kanisa letu. Humo mna Wakenya wenzangu, Wakongo wengi, Warundi wachache, na mama yangu aliyeko Kisii, ambaye tulimwingiza wakati wa ibada za mtandaoni akakataa kutoka. Nilitaka kusema nina matangi matatu, basi. Kilichowafikia ni hiki:

"Wapendwa, kesho asubuhi nina matanga matatu, moja hapa, moja Melbourne, moja Perth. Mipaka imefungwa, kwa hiyo haya ya mbali nitayaona kwa video tu. Kila jimbo lina sheria zake. La Melbourne ndilo linaniogopesha zaidi. Niombeeni nisije nikayachanganya."

Simu ndiyo iliyobadilisha. Niliandika matangi, ikadhani nimekosea, ikanisaidia. Siilaumu sana. Tangu korona ianze, neno matanga tumeliandika humo zaidi ya neno harusi, na simu hujifunza kwa mwenyewe. Mimi sikusoma tena nilichotuma. Niliizima nikalala mapema kama mtoto wa mtihani.

Asubuhi nikavaa blauzi ya kazi juu na suruali ya kulalia chini, nikaketi mezani karibu na dirisha. Wakatokea kwenye skrini Grant, bwana mmoja wa Melbourne, na mama mmoja wa Perth aliyekuwa bado na kikombe chake cha kwanza cha chai. Tangi la hapa nililieleza vizuri, hata nikajipenda. Nilipofika Melbourne ulimi ukakauka. Nikataja leseni ya Perth. Nikajisahihisha, nikajikuta nimerudi Sydney. Grant akavua miwani akaanza kuifuta, na Grant nimeshamjua: akifuta miwani anatafuta njia ya kukwambia jambo baya kwa upole.

Hapo ndipo kilio kilipoanza.

Kilitoka nje, palepale dirishani. Mama Zawadi, jirani yangu wa mlango wa pili, ni mama wa Bukavu mwenye sauti ya kuongoza kwaya bila kipaza sauti. Alisimama mikono kichwani, barakoa imempanda hadi chini ya macho. Nyuma yake, kwenye maegesho ya magari, kina mama wa flati zetu walijipanga wakiachiana nafasi kama serikali inavyotaka, wanaitikia wimbo. Mmoja alikuwa ameshafunga kitambaa kiunoni.

Sikuwa nimezima maikrofoni.

"Kerubo, mutoto yangu!" alilia Mama Zawadi. "Bilio bitatu kwa siku moya! Juu ya nini unajificha peke yako?"

"Mama, kwani nani amekufa?"

"Unaniuliza miye? Si ni weye uliandika!"

Akabandika simu yake kwenye kioo. Nikasoma. Nikatamani ile helikopta ishuke inibebe.

Grant akauliza kama mambo ni salama. Nikasema ukweli, ila nikausema kwa haraka: wanalia kwa sababu ya matangi. Bwana wa Melbourne akataka kujua tangi lake lina tatizo gani hasa. Ikabidi nieleze kwamba kwa lugha yetu tangi na msiba vimetenganishwa na herufi moja, na kwamba simu yangu imechagua msiba. Kusikia msiba tu, nyuso za wote watatu zikaanguka. Mama Zawadi akachungulia, akaziona hizo nyuso, akajua amewapata wafiwa.

"Poleni sana, ba papa," akawaambia kwa upole. "Na weye mama. Condoléances. Mungu abapatie nguvu."

Grant akainamisha kichwa. Akasema asante.

Nikamgeukia Mama Zawadi nikamwambia hakuna maiti, ni matangi, ya mafuta, na kazi yenyewe inaniponyoka hivi sasa kwa sababu sheria za majimbo zimenivuruga. Nilitegemea anigombeze. Akashusha mikono.

"Mafuta ni ile ile moya?"

"Ile ile."

"Na tangi inapasuka namna moya?"

"Namna moja. Hata kitabu cha mafundi cha kuyajenga na kuyapima ni kimoja nchi nzima."

"Alors, ni nini inabadilika?"

Nikafikiri. Wiki nzima hakuna aliyeniuliza swali hilo, wala mimi sikujiuliza. "Nani unamwambia," nikasema. "Mafuta yakifika kiasi gani ndipo umwambie. Na ukikosea, nani anakuja kukugombeza."

"Aa! Kama kilio basi. Kufa ni kufa, lakini kila famille iko na muntu yake ya kuambia ya kwanza. Ukimuruka, utaona mambo."

Nikarudi kwenye skrini nikayasema hayo hayo kwa Kiingereza. Nikaanza na yasiyobadilika: kutu, unene wa bati, ukuta. Kisha nikapita jimbo kwa jimbo nikisema wa kuambiwa kwanza ni nani. Victoria, usithubutu kuwanukulia sheria ya jirani, wana yao. Perth, ulizia leseni kabla hujapanda ngazi. Ulimi ulifunguka, mikono ikaanza kuonyesha, nikasahau kwamba naogopa. Mama wa Perth alikuwa anaandika. Grant alirudisha miwani usoni.

Huko nje walishaambiwa hakuna aliyekufa, lakini hawakuondoka. Mama Zawadi alisema wimbo haukatwi katikati, na wakaumaliza beti zote. Halafu akaanza kucheka, na kicheko chake kikawashika wengine hadi jirani wa juu akafungua pazia. Mimi nilicheka nikajikuta nalia. Wiki nyingi zimepita hakuna mtu aliyesimama karibu na nyumba yangu kwa sababu yangu, iwe nzuri au mbaya.

Nikampigia mama. Kisii ilikuwa bado usiku, lakini hakuwa amelala. Alisikiliza maelezo yote, akavuta pumzi, akaniuliza sasa atawaambia nini majirani aliokwisha kuwaita wakeshe naye.

Mchana Grant akapiga simu. Nimethibitishwa kazini! Majimbo yote matatu ni yangu, na anataka kila mgeni atakayeajiriwa aanze na lile swali la nani wa kuambiwa kwanza. Niliruka hadi ndara moja ikaingia chini ya kochi.

Nikafungua kikundi cha kanisa. Safari hii nilisoma kila herufi kabla ya kutuma, na naapa hapakuwa na kosa hata moja:

"Wapendwa, majibu yametoka. Nimethibitishwa! Sikutarajia kabisa. Asanteni nyote mliokuja dirishani kwangu asubuhi."

Mchungaji akawa wa kwanza kujibu: "Pole sana, dada. Usitoke nje." Muuguzi mmoja Mkenya akauliza nahema vipi. Mama akauliza kama bado nasikia harufu. Kutoka mlango wa pili nikasikia Mama Zawadi anafunga madirisha yake, moja baada ya jingine, kwa nguvu.

Mama nimempigia hapo hapo kumwambia ni kazi iliyothibitishwa, si korona; siwezi kumtesa mara mbili siku moja. Nilikuwa naanza kuwaandikia wengine mlango ukagongwa. Nilipofungua hapakuwa na mtu, ila mlio wa kandambili zinazokimbia. Kwenye mkeka kulikuwa na tangawizi, malimau, chupa ya asali, na sufuria ya mchuzi wa kuku imefungwa kwa taulo, ya moto bado.

Nimekaa nayo hapa mezani, simu mkononi. Ujumbe wa kusahihisha nimeshauandika, na nimeusoma vizuri, herufi kwa herufi. Nitautuma leo leo, wasije wakakosa usingizi bure kwa ajili yangu.

Ngoja tu nimalize mchuzi.