Kwa Rodell Gaskins, Aliyetufundisha Kuiogopa Siku ya Mwaka

Jumamosi hii mwaka unatimia, Rodell, tangu uliposimama katikati ya vijana wawili mbele ya duka la kuku wa kukaanga, mikono yako mitupu, ukasema, "Haya, mpigeni mzee kwanza," ukidhani watacheka. Mmoja alicheka. Mwingine alifyatua.

Ujana wako uliupotezea gerezani, na ulipotoka hukuficha. Ulivaa koti lako la rangi ya chungwa ukaanza kazi ya kuzuia risasi kwa maneno. Hukubeba bastola, wala hukumpelekea polisi jina la mtu. Ndiyo maana vijana walikusikiliza. Ulifagia ngazi za majirani bila kuombwa. Ulisali kabla ya kula, hata zikiwa karanga, na sisi tukikutania kwamba chakula kinapoa.

Wewe ndiye uliyetufundisha kuiogopa siku hii. Ulikuwa ukisema, "Siku ya mazishi watu hulia. Siku ya mwaka watu hulipiza." Kila alipouawa mtu huku Baltimore ya Magharibi, uliishika tarehe yake moyoni, na mwaka ulipokaribia uliwatafuta ndugu zake wa kiume. Uliwapakia kwenye gari lako bovu, ukawatoa mjini, ukawaketisha ufukweni mbele ya meza iliyotandikwa magazeti, na juu yake rundo la kaa wa baharini, wa moto, wenye viungo vikali.

"Anko, umetuletea kaa au mtego?" mmoja alikuuliza.

"Vyote viwili. Gonga."

Ulijua ulichokuwa ukifanya. Kaa haliwi kwa haraka. Mtu hugonga gamba kwa nyundo ya mti, akachokonoa nyama kidogo kidogo, na vidole vilivyojaa viungo na mafuta havishiki simu. Nawe ulijua kwamba matusi yanayoua siku hizi hupitia kwenye simu. Kaa wa mwisho alipokwisha, jua lilikuwa limezama, na siku imepita bila maiti.

Sasa siku hiyo imekuwa yako.

Kwa wiki nzima gari la kijivu lisilo na namba limekuwa likipita polepole mbele ya nyumba ya mama yako. Kamera za polisi zinamulika mwanga wa buluu juu ya nguzo. Zinaona kila kitu, hazizuii kitu. Aliyekupiga hajakamatwa, ingawa hata watoto wanalijua jina lake. Vijana wamechapisha fulana zenye uso wako. Tuliwauliza ni za nini. "Za Jumamosi," wakasema, kisha wakatazama pembeni.

Juzi dada yako Verlene alinunua kaa, akamwita Kavon, mwanao wa pekee, ili amwombe waondoke mjini pamoja siku hiyo. Kavon aliketi bila kuvua koti. Simu aliiweka mezani, nayo ikawa inatetemeka kama mdudu aliyegeuzwa chali.

"Shangazi, unanifanyia ujanja wa baba."

"Si uliwafaa wengi? Gonga, mwanangu."

"Umeona wale wa upande wa pili walichorusha mtandaoni jana? Wanavuta bangi juu ya picha ya baba, wanamcheka."

"Waache wacheke."

"Wanacheka kwa sababu tumekaa kimya."

"Baba yako alizinyamazisha bastola nyingi, Kavon."

"Na moja ikamnyamazisha yeye. Sasa nani alishinda, Shangazi?"

Verlene alimshika mkono akaanza kusali kwa sauti. Kavon alisubiri mpaka amina, maana ulimlea vizuri, kisha akainuka kuaga. Alipomkumbatia, Verlene alihisi kitu kigumu kiunoni mwake. Kavon hakugusa kaa hata mmoja. Tangu hapo hajalala nyumbani, na simu anazipuuza.

Kwa hiyo tunawasihi wote waliokupenda: Jumamosi msikusanyike kwenye kona ya lile duka la kuku. Msilete maputo ya kumbukumbu, msiwashe mishumaa. Wewe mwenyewe ulituambia kwamba umati wenye huzuni ni shabaha rahisi. Njooni Kanisa la Mlima Nebo saa nne asubuhi. Milango itakuwa wazi hadi usiku, na hakuna atakayeulizwa anatoka upande gani. Hata aliyekupiga akija, atapewa kiti. Neno hilo mama yako, Mama Eula, alilikubali kwa machozi mengi, lakini alilikubali, na kiti atakitoa yeye.

Ee Mungu, hukumu ni yako. Izuie mikono yetu isiishike.

Wanaokukumbuka ni mama yako, Eula. Dada yako, Verlene. Jamaa wote wa ukoo wa Gaskins. Waumini wenzako wa Mlima Nebo. Vijana uliowarudisha kwa mama zao. Na mwanao, Kavon.

Jina la Kavon tumeliandika bila kumwuliza. Kavon, ukilisoma tangazo hili, mahali pako ni hapa chini, kati yetu sisi tunaokumbuka. Mlango wa bibi yako haujafungwa. Usitulazimishe mwakani kulipandisha jina lako juu, pale panapowekwa picha ya marehemu.

Rodell, hutatoka mioyoni mwetu. Tuombee tubaki sote hai wa kukukumbuka.